Kichwa cha Mwisho

Siku ya mwisho ya mwaka nilinyoa watu tangu alfajiri, maana kwetu Henan hakuna anayekata nywele mwezi wa kwanza: ukikata, mjomba wako hufa. Miguu ilinivimba. Nilikuwa nafunga saluni niwahi chakula cha mwaka mpya kwa mama, akatokea Jiahe, mtoto wa dada yangu, katoka stesheni na begi mgongoni.

“Mjomba, ninyoe.”

“Nimechoka, mwanangu. Kaa hivyohivyo.”

“Basi nitanyoa keshokutwa, mjini.”

“Una wajomba wangapi wewe?”

“Wewe tu.”

Alikuwa anacheka, mshenzi. Nikamvutia kiti, nikamfunga shuka shingoni. Simu ikalia. Mama alisema samaki amepoa.

“Kuleni tu,” nikamwambia. “Mimi bado nahangaikia roho yangu.”