Ncha ya Sindano Kwenye Marinda

Kina mama mnaoshona, na hasa nyinyi mnaowashonea mabinti wajawazito, someni haya msije mkasema hamkuambiwa. Kuna mshonaji mwenzenu aliyeponea chupuchupu, na hakuponea kwa akili zake.

Binti yake wa mwisho, ambaye mpaka leo anamwita Kitinda, alikuwa na mimba ambayo haijatimiza miezi saba. Kliniki walisikia moyo wa mtoto tumboni ukienda mbio za ajabu, halafu unatulia, halafu mbio tena. Kusikia walisikia, ila sababu hawakuiona. Daktari akawaeleza waziwazi: kuna mashine mpya inayoweza kuuchora moyo wa mtoto pigo kwa pigo. Ikiuchora vizuri, huenda dawa ikatosha. Isipouchora, hawezi kukaa akibahatisha. Jioni hiyo hiyo atampasua Kitinda na kumtoa mtoto, mbichi vile vile.

"Na aje bila chuma chochote mwilini," daktari alisisitiza.

Hilo mshonaji alilishika kama amri ya mbinguni. Alikaa kwenye cherehani akashona gauni jipya, pana, lenye marinda mazito tumboni. Hakuweka zipu, kifungo wala ndoano. Kamba za kitambaa tu. Walipofika hospitali aliligeuzageuza mbele ya kila mtu. "Tafuteni chuma humo, mkikipata niiteni mwongo!"

Dada wa mashine, msichana mchangamfu mwenye miwani, aliwaonyesha kichupa cha kioo kidogo kama punje ya hindi. Ndani yake, alisema, kuna mvuke wa atomu, na mwanga unapita katikati.

Mshonaji alirudi nyuma. "Atomu? Si ndizo za mabomu hizo?"

"Mama, kila kitu ni atomu. Wewe ni atomu, kiti hicho ni atomu, hata chai uliyokunywa asubuhi."

"Basi nimeshakunywa nyingi."

"Hizi hazilipuki, zinasikiliza tu. Moyo ukipiga unatoa usumaku hafifu, hafifu mno, mara mamilioni chini ya ule unaogeuza dira. Atomu zinayumba kidogo, mwanga nao unabadilika, mashine inachora. Hatumchomi wala hatumkati."

Kitinda akalazwa kwenye chumba chenye kuta nene za kuzuia sumaku za nje, vichupa vikapangwa kwenye mkanda juu ya tumbo, mlango ukafungwa. Mshonaji akabaki nje mbele ya skrini pamoja na daktari na dada wa mashine. Sauti ya Kitinda ilitoka kwenye spika.

Mstari ukaanza. Jamani, ule haukuwa mstari, ulikuwa mbuzi aliyekata kamba! Ulipanda ukagonga juu ya skrini, ukashuka, ukapanda tena.

"Dada, usitikisike," dada wa mashine alisema kwenye kipaza sauti.

"Sitikisiki, napumua!"

"Pumua kidogo kidogo basi, mwanangu," mshonaji akadakia.

"Mama nawe! Pumzi inapimwa kwa kijiko?"

Walicheka, lakini daktari hakucheka. Alitazama saa ya ukutani, akasema polepole, "Kama ni hivi, nitawaambia chumba cha upasuaji wajiandae."

Dada wa mashine aliinamia skrini, akakunja uso. "Subiri, daktari. Mstari unapanda kila anapovuta pumzi. Kuna kitu kinachopanda na tumbo lake. Gauni livuliwe."

"Gauni langu?" Mshonaji alisimama, mikono kiunoni. "Halina hata kifungo! Nimelishona kwa mikono hii!"

"Mama, muda unakwenda."

Kitinda akavikwa shuka la pamba. Dada wa mashine akaingia, akalichukua gauni na kulipitisha taratibu mbele ya kichupa. Mikono ya gauni: kimya. Pindo: kimya. Marinda ya tumboni: mstari ukaruka mpaka juu!

Mshonaji alikaa chini bila kutazama kama kuna kiti. Alijua papo hapo. Sindano ilimkatikia kwenye marinda yale yale, unene uliishinda. Alipitisha sumaku sakafuni kama kawaida yake, akaokota kipande, akafunga sindano nyingine akaendelea. Hakukilinganisha kile kipande na sindano yenyewe aone kama imetimia; kumbe ncha ilibaki ndani ya marinda. Na sindano zake zote hulala juu ya sumaku ile ile kwenye kopo, ili zisimpotee. Kina mama, sindano inayolala na sumaku huamka sumaku. Ikikatika, msiendelee kushona mpaka ncha mmeiona kwa macho.

"Nimemponza mjukuu wangu," alinong'ona.

"Bado, mama," dada wa mashine alisema huku akitoka na gauni na kufunga mlango upya. "Tena utalia baadaye, sasa hivi tazama hapa!"

Mstari ukatulia. Yakatokea mapigo makubwa, ya taratibu. "Huyo ni Kitinda," dada wa mashine alisema. Akabonyeza, makubwa yakaondolewa. Yakabaki madogo, membamba, yamepangana kama mshono wa cherehani.

"Yule pale!" mshonaji alipiga kelele. "Yule pale, yule!"

Ghafla madogo yakaanza kukimbia. Mshonaji akaushika mkono wa daktari bila adabu yoyote, na daktari hakuutoa. Alikuwa ameinama, kidole juu ya skrini. "Hapa, pigo moja limewahi... ndilo linaloanzisha mbio. Umeme wa moyo umepata njia ya panya, unazunguka humo. Ahaa, mwizi nimekuona!" Akanyooka, uso umefunguka. "Hili lina dawa. Mama mtu atameza, mtoto ataipata humo humo tumboni. Waambieni chumba cha upasuaji wapumzike."

"Mama?" Sauti ya Kitinda ilitetemeka kwenye spika. "Mbona kimya? Wamesemaje?"

Mshonaji alikikumbatia kipaza sauti kwa mikono miwili. "Anakimbia, mwanangu! Anakimbia kama amechelewa shule, lakini njia yake wameiona! Hawakupasui!"

Kitinda akaangua kicheko, mara kikawa kilio, mara kicheko tena, na skrini nzima ikavurugika.

"Mama, usimchekeshe!" dada wa mashine alilalamika, naye anacheka. "Bado napima!"