Kilo Ishirini na Nne za Mzee Sedekia

Mzee Sedekia hakuwa na karakana, hakuwa na cheti, wala skrini ya kumsomea namba. Umri wa kujifunza kazi mpya, walisema watu, hakuwa nao tena. Hata mpira wa tenisi hakuwahi kuupiga. Alichokuwa nacho ni meza moja mtaa wa Mlandege, Iringa, mashine ndogo ya kufungia nyuzi za raketi aliyoachiwa na daktari wa misheni, na mazoea ya miaka thelathini ya kupima mpunga kule Rujewa, ambako mwenye lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, hakumpita hata siku moja.

Sasa alitaka jambo moja tu: awe fundi wa nyuzi katika mashindano ya tenisi ya Nyanda za Juu Kusini, Mbeya. Kazi hiyo aliitaka pia Lutengano, fundi wa Mbeya mwenye mashine kubwa ya kitaalamu, ya umeme. Benedicta, katibu wa klabu ya tenisi ya Mbeya, akawaita wote wawili uwanjani.

"Kila mmoja afunge raketi moja ya Esnath, mchezaji wetu," alisema. "Nyuzi zile zile, mvuto kilo ishirini na nne. Esnath ataamua, na hataambiwa ipi ni ya nani."

Lutengano alipoiona mashine ya mzee alicheka mpaka akashika magoti. "Shikamoo, mzee. Hii si ya kusagia nyama kweli?"

"Marahaba. Wenye haraka ndio wanaosaga nyama, mwanangu."

Na haraka ya Lutengano ilionekana. Alibonyeza kitufe, mashine ikavuta, ikalia, akahamia uzi mwingine. Nusu saa haijaisha, alikuwa anakunywa chai. Mzee Sedekia, kwa kila uzi, aliteremsha mkono wa chuma wenye uzito mpaka ulale sawasawa kama pima maji. Ukizidi kuinama, aliurudisha juu na kuanza upya.

"Mzee, mashindano ni mwaka huu au ujao?"

"Wewe maliza chai yako."

Saa moja na nusu ikapita. Esnath akaingia uwanjani na raketi ya kwanza. Mpira ukapita mstari. Wa pili ukagonga uzio.

"Hii inarusha kama godoro!" akalalamika. Akachukua ya pili; mipira ikaangukia ndani, mmoja baada ya mwingine. "Hii inanisikia. Naitaka hii."

Ilikuwa ya mzee.

"Haiwezekani!" Lutengano akaruka. "Skrini imesema ishirini na nne. Chuma chake ndicho kinachodanganya!"

Neno hilo lilimchoma Mzee Sedekia kuliko kicheko chote. Alitoa mfukoni mwa begi mizani ya kuning'iniza, akatundika kwanza jiwe la mizani la kilo kumi lenye muhuri wa serikali, watu wote waone sindano ikisimama kwenye kumi. Kisha akaifunga mizani kwenye mashine yake, akalaza mkono. Ishirini na nne. Akaifunga kwenye mashine ya Lutengano. Skrini iliandika ishirini na nne. Sindano ikasimama ishirini na nusu.

"Uliipima lini?" mzee akauliza.

"Kuipima? Lakini ni mpya, mzee! Imetoka Dar mwezi wa pili."

"Ikaja na nini?"

Lutengano akashusha sauti. "Juu ya lori la fuso. Na mifuko ya saruji, ikirushwarushwa njia nzima."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mzee Sedekia hakucheka. Aliomba bisibisi, yeye na Lutengano wakaitafuta pamoja skrubu ya kurekebishia, wakaizungusha mpaka sindano ikakaa mahali pake.

"Sasa hii ni mashine," alisema. "Inashika raketi sehemu sita, yangu inashika mbili. Inamaliza tatu, mimi nikimaliza moja. Lakini ikidanganya haioni haya. Haya lazima awe nayo fundi."

"Kazi ni yako, baba," Benedicta akasema. "Unakubali?"

Mzee alitamani kurukaruka, lakini alijizuia. "Jambo kubwa hujibiwa kwa maandishi."

Kesho yake, Iringa, aliandika kwa mwandiko ulionyooka aliojifunza darasa la jioni:

"Nimekubali. Sharti langu ni kwamba Lutengano awe mwenzangu, na mashine zote mbili zipimwe kila asubuhi kabla ya raketi ya kwanza. Sedekia, Fundi Mkuu wa Nyuzi."

Akasoma cheo hicho mara mbili kwa sauti. Akalamba bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, akaenda stendi kwa miguu na kumkabidhi kondakta wa basi la Mbeya.