Mwanamke wa Pangoni

Watu wa pale mlimani walimwita Redio, na jina lilimkaa sawasawa, kwa sababu akishaanza kusema hakuna wa kumzima. Kazi yake ilikuwa kuwapandisha wageni mpaka kwenye mapango, kuwaonyesha mahali wataalamu walipofukua mifupa ya watu wa kale, kisha kuwashusha bila mtu kuvunjika mguu. Mifupa yenyewe ilishapelekwa makumbusho zamani. Iliyobaki pangoni ilikuwa nakala ya plasta, imelazwa shimoni na kuzungushiwa kamba: mwanamke amelala ubavu, na kifuani pake kichanga.

Kila mgeni aliuliza swali lile lile, huyu alikuwa nani, na jibu la kweli lilikuwa fupi: hakuna ajuaye. Wataalamu wenyewe walisema hivyo wakafunga virago. Redio naye aliwaambia wageni hivyo hivyo kwa muda mrefu, akawaona wanapiga miayo na kuulizia choo kiko wapi. Basi siku moja, bila kupanga, maneno yakamponyoka. Akasema mwanamke huyu alikuwa tasa, watu wake wakamfukuza, akapanda mlima kuja kufa, na mlima ukamwonea huruma ukampa mtoto. Tangu hapo, akaongeza chumvi, mwanamke yeyote anayeweka kiganja kwenye jiwe lililo kichwani pake na kuomba kimoyomoyo harudi mikono mitupu.

Mgeni mmoja akajifuta machozi. Redio akajiona mtu wa maana, na kesho yake akaisimulia tena.

Hadithi ilishuka mlima kwa miguu yake yenyewe. Wakaanza kuja wanawake wasio na kamera wala kofia za jua, wanawake waliopanda taratibu, wameinamisha vichwa, wasiouliza lolote. Redio akajiambia wanapata faraja tu, kuna ubaya gani? Ubaya ulikuwepo, na aliujua vizuri sana, ndiyo maana kila alipowafungulia geti hakuthubutu kuwatazama usoni.

Asubuhi moja akafungua geti akamkuta mdogo wake amesimama nje, mkono umeshika ubavu, pumzi juu juu. Mdogo wake alikuwa fundi cherehani kule chini mjini, ameolewa miaka mingi na mchomeleaji wa mageti, na mtoto hajapatikana.

"Kuna nini? Nani anaumwa?" Redio akauliza.

"Hakuna. Nimekuja kama wengine." Akacheka kwa aibu. "Huwa nakuja siku zako za mapumziko. Sikutaka unicheke."

Redio akamkalisha kwenye benchi la muuza chai, hapo hapo getini, na kidogo kidogo mambo yote yakatoka. Daktari alishamwambia ana uvimbe kwenye kizazi, akampangia upasuaji. Hakwenda. Akapangiwa tena, hakwenda.

"Wakishaingiza kisu, kaka, wanaweza kutoa na kizazi chenyewe. Huyu mama wa juu hana kisu."

"Sikiliza," Redio akasema. "Ile hadithi niliitunga mimi."

Mdogo wake akamwangalia, kisha akaangua kicheko. "Wewe? Wewe ambaye hata insha za shule nilikuwa nakuandikia mimi?"

"Haki ya Mungu nimeitunga. Na ile mifupa ni plasta!"

"Plasta naijua. Mimi naomba jiwe, siombi plasta."

Redio akaona amgeukie muuza chai, ambaye alikuwa akisuuza vikombe na masikio yote ameyaelekeza kwao. "Mama, hebu mwambie huyu hadithi ilitoka wapi."

"Kwa bibi yangu," muuza chai akajibu bila kusita. "Alinisimulia nikiwa hivi." Akaonyesha kwa mkono, usawa wa goti.

"Mama! Si ulinisikia mimi, ukiwa hapo hapo kwenye jiko lako?"

"Mwanangu, wewe ndiye uliyenisikia mimi," akasema yule mama, na alikuwa amechukia kweli.

Mdogo wake akainuka akapanda pangoni. Redio akabaki benchini na kikombe cha chai kilichopoa. Kutunga uongo kulimchukua dakika chache, na sasa kuufuta hajui aanzie wapi. Nafsi ilimsuta.

Hazikupita siku nyingi, shemeji yake akampigia simu. Mkewe ameanguka juu ya cherehani, damu haikati, na hospitali hataki kuisikia. Redio akaenda mbio. Akamkuta amelala, midomo imepauka, kichwa kigumu vile vile. Alimsihi, akamfokea, akalia mbele yake. Wapi!

Ndipo akapiga moyo konde, akakaa kitandani. "Kuna sehemu huwa siwaambii wageni," akasema. "Yule mama, kabla hajapata mtoto, alikuwa na uvimbe tumboni. Akaja mtu anayejua kupasua, akautoa kwa jiwe kali. Wataalamu waliiona alama kwenye mfupa. Mtoto akaja baadaye."

Mdogo wake akafumbua macho. "Mbona hukusema siku zote?"

"Nilisahau umuhimu wake."

"Nipeni viatu vyangu," akasema.

Akapona, ndiyo. Daktari alitoka chumba cha upasuaji mabega yamemlegea, akawaambia ataishi, lakini uvimbe ulikuwa umekula kila mahali na kizazi wamelazimika kukitoa chote. Angekuja siku ile aliyopangiwa mara ya kwanza, akasema, ungetolewa uvimbe peke yake. Kisha akaenda zake, ana wagonjwa wengine.

Shemeji aliegemea ukuta, mikono yake yenye makovu ya cheche ikining'inia. Hakuwa amekasirika, na afadhali angekasirika. "Wewe ndiye mwenye maneno, shemeji," akasema. "Nenda ukamwambie. Mimi siwezi."

Mchana mdogo wake akazinduka. Alitafuta mkono wa kaka yake, akaushika.

"Wameutoa?"

"Wameutoa."

"Kama yule mama." Akatabasamu, midomo mikavu. "Sasa niambie vizuri. Baada ya kupasuliwa, alikaa muda gani ndiyo akapata?"

Jibu lilikuja lenyewe, tamu, limeshapangika: misimu miwili ya mvua, na siku moja asubuhi... Redio alilisikia kabisa mdomoni. Akalimeza, na lilimkwaruza koo lote.

"Hakuna yule mama, mdogo wangu. Niliitunga yote, na ya kupasuliwa pia, ili uje huku. Na kizazi wamekitoa. Ungekuja mapema kingebaki."

Mdogo wake alimtazama, akimchunguza uso kipande kipande. Alimwamini. Redio aliona kabisa dakika alipomwamini, na hapo akatamani angemkatalia tena kama siku ile. Mdogo wake akauachia mkono, akageuka polepole kwa maumivu mpaka akampa mgongo.

"Niitie mume wangu," akasema.