Peke Yake Mstarini

Kwenye timu ya wanawake ya mpira wa kikapu walimwita Twiga. Mchana alikuwa mwokaji mikate. Jioni alicheza chini ya ringi, na hakuna aliyethubutu kumsukuma. Kilichomshinda ni mitupo huru, ile ya kutupa ukiwa mstarini bila mtu wa kukuzuia. Mazoezini mpira uliingia kama umeitwa. Siku ya mechi uligonga chuma na kurudi.

Shangazi yake, ambaye hakuwahi kuona mpira wa kikapu maishani mwake, alikuja kumtazama. Wakiwa njiani kurudi nyumbani, akauliza, "Mwanangu, walipokuvamia watatu ulifunga. Ulipoachwa peke yako, hakuna hata wa kukupulizia, ukakosa. Imekuwaje?"

"Labda wasiwasi," Twiga akasema.

"Wasiwasi wenyewe unakaa wapi? Mkononi au mguuni?"

Shangazi hakuwa akimtania, alitaka kujua. Swali likamganda Twiga. Kesho yake alikanda unga akilitafuna. Alipokuwa akipandisha gunia stoo, magoti yakamlegea, akasimama katikati ya ngazi. Hivi mazoezini si hutupa mwanzoni kabisa, pumzi zikiwa zimetulia? Kwenye mechi hufika mstarini akihema kama mvukuto!

Jioni hiyo akamburuta shangazi uwanjani.

"Kaa hapo, uniambie mpira unagonga wapi."

Akakimbia huku na huko mpaka kifua kikawaka moto, akatupa.

"Mbele!" shangazi akapaza sauti.

Akatupa tena.

"Mbele tena! Haufiki, mwanangu."

Basi ilikuwa miguu. Twiga akashusha pumzi, akakunja magoti zaidi, akausukuma mpira kuanzia chini. Wavu ukalia "fyuu". Shangazi akaruka na kiti chake.

Tangu hapo hakutupa tena mazoezini kabla ya kujichosha.

Ikaja mechi ya nusu fainali. Sekunde za mwisho, wako nyuma kwa pointi moja, refa akampa Twiga mitupo miwili. Wa kwanza ukaingia. Wa pili ukadunda kwenye chuma, ukatoka. Muda ukaongezwa, wakafungwa.

Kocha alimkuta amekaa benchi, anatabasamu.

"Tumetolewa, wewe unacheka?"

"Inaniuma, kocha. Lakini leo mpira umegonga chuma cha nyuma! Sijawahi kuzidisha nguvu hata siku moja."

Shangazi alikuwa tayari anashuka jukwaani, mkoba kwapani. "Nyuma kabisa, nimeuona!" akasema. "Kocha, hebu mpe mpira kabla hawajazima taa."