Udongo wa Kumpa Mgeni

Clémence aliitazama ramani ya udongo ya mradi wao kwenye ordinatere, kompyuta ya kazini, akasonya. Kilima kizima cha Lodza kilikuwa kijani, yaani ardhi imeshiba, na juzi tu yeye mwenyewe alipita huko akaona mahindi ya manjano, yamedumaa, hata mbuzi hawayataki. Udongo ambao wakulima waliujaza kwenye masashe ya plastiki na kuuleta hapa Bunia aliupima kwa mikono yake. Vipimo vilisema hauna uchachu hata kidogo. Sasa nani mwongo, mahindi au vipimo?

Akapanda pikipiki kwenda kuuliza.

Mama Séphora, kiongozi wa wakulima wa Lodza, alimpokea kwa kicheko na ndizi za kuchoma.

"Ule udongo tuliutoa nyuma ya jikoni," alisema bila wasiwasi. "Pale tunamwangaka majivu, kunakuwa udongo muzuri sana. Siye hatupatiake mugeni kitu ya mubaya, binti yangu. Weye ungemupa mugeni kuku ya kugonjwa?"

Loo! Clémence hakujua acheke au alie. Majivu huua uchachu wa udongo, na akina mama hawa kwa heshima zao walikuwa wamepimisha majiko, si mashamba. Mradi nao uligawa chokaa, dawa ya udongo mchachu, kwa vilima vilivyo vyekundu kwenye ramani tu. Kilima cha kijani hakipati hata kijiko. Lodza ingepanda tena msimu huu na kuvuna mabua.

"Mama, nionyeshe shamba lenyewe nichimbe."

Kicheko kikakatika. "Ili utuandike maskini? Banja yote, majirani yote, ione? Apana!"

"Mficha uchi hazai, mama."

Clémence akaingia katikati ya mahindi, akainama, akachimba mwenyewe. Mama Séphora alimfuata akimsema mstari hadi mstari, mpaka pikipiki ilipowaka. Maabarani, vipimo vikatoka vibaya kama alivyojua.

Mkubwa wake, Néhémie, hakutaka hata kuviona.

"Ramani imeshachapwa. Wageni wa Kinshasa, wakubwa wa mradi, wanafika kesho. Utasimama, utaieleza vile iko. Ama utafute kazi ingine."

"Nimesikia, shefu," akajibu. Kusikia si kukubali.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Wageni walikaa mbele, na akina mama wa vilima wakakaa nyuma na vitenge vyao vya kanisani. Ramani ilitundikwa ukutani, kubwa kama shuka. Néhémie akamwita Clémence kwa tabasamu la kuonyesha wageni. Alijua vizuri kwamba kazi Bunia haziokotwi njiani. Lakini hasira iliishinda hofu.

"Hii si ramani ya mashamba ya Lodza," alisema. "Ni ramani ya majivu ya majiko yao. Mashamba nimepima mwenyewe. Udongo ni mchachu, umechoka, hauwezi kulisha mtu. Bila chokaa hawatavuna."

Akachukua kalamu nene nyekundu mezani, akaanza kupaka kilima.

"Weka kalamu chini!" Néhémie alifoka.

"Siweki."

Wageni walitazamana. Néhémie hakuwa mjinga. Alijua fahari ya watu wa Lodza, basi akageuka nyuma, sauti imelainika. "Mama Séphora, kweli udongo yenu ni mubaya vile? Tuambie weye mwenyewe."

Clémence akaona yule mama alivyokaza shingo, akajua mambo yameharibika. Mama Séphora aliinuka, akafunga kitenge vizuri, akaja mbele pole pole.

"Huyu mutoto ametutia haya mbele ya wageni," alisema. "Nitamugombeza, na atanisikia. Lakini weye, shefu! Weye unataka niseme uongo sababu ya karatasi yako, na watoto yangu bakule nini? Bakule kijani?"

Kuna aliyecheka nyuma. Mama hakucheka. Akamnyang'anya Clémence kalamu.

"Shamba yangu iko wapi hapa?"

Clémence akamwonyesha kwa kidole. Mama Séphora akaipaka nyekundu, akakandamiza, akarudia, mpaka karatasi ikapasuka.