Nani Hao Wanaocheka

Nduku anasema televisheni ya Mzee Gerishom haikuharibika. Ilinuna.

Nduku ni mshona nguo, jirani wa ukuta kwa ukuta, na habari ya mtaa wa Barani haijawa habari mpaka ipite kwenye cherehani yake. Anadai jioni ile mchezo mpya wa Jumamosi ulipoonyeshwa mara ya kwanza, yeye alikuwa ameketi mkekani sebuleni kwa Mzee, karibu kabisa. Muziki wa mwanzo haujaisha, Mwalimu Baya akasafisha koo akasema, "Huu mchezo hauna kichwa wala miguu." Papo hapo, Nduku anaapa, sauti ikakatika. Picha ikabaki, watu wanakwenda na kurudi, midomo inacheza, neno hakuna.

"Mimi nilisikia na haya masikio," huwaambia wateja wake, pini zimo mdomoni. "Hata wewe ukitukanwa kwa nyumba yako utaendelea kuongea?"

Fundi Kambi aliifungua televisheni mgongoni, akanusa, akasema kuna kidude kimeungua na kingine itabidi kiagizwe Mombasa. Hakuna aliyembishia, ila maneno ya Nduku yalikuwa matamu zaidi.

Aliyechelewa kuliko wote kutambua ni mwenye televisheni mwenyewe. Mzee Gerishom alistaafu ukarani katika kinu cha pamba, na mashine za kule zilikuwa zimeyala masikio yake zamani. Wiki nzima alimwambia mkewe Nyaboke kwamba anashukuru, siku hizi wageni wanatazama kwa adabu.

Kache ndiye aliyefanya kazi katika nyumba hiyo. Alifua, akapika, akapitisha chai. Alikuwa binti wa Ganze, amemaliza darasa la saba, na pa kutazamia pake palikuwa mlango wa jikoni, wima, sinia mkononi, maana akithubutu kukaa tu, ataitwa. Jumamosi ya pili watu walikuja wakajaa vilevile, ingawa sauti hakuna. Wangeenda wapi? Wakaikodolea macho. Kwenye kioo alikuwako mwanamume mnene mwenye koti lililochanika kwapa, na mke mwembamba anayemtimua kwa ufagio.

"Anasema nini huyo?" Nyaboke akauliza, hakumuuliza mtu yeyote.

"Anasema, 'Mke wangu, nipige, lakini usinifukuze. Kazi sina tangu mwezi wa tatu. Kila asubuhi nikitoka na mkoba, huwa ninakwenda kukaa sokoni mpaka jua litue.'"

Ilikuwa sauti ya Kache. Vichwa vyote viligeuka.

"Wewe umejuaje?" Nduku akauliza.

"Hawe wangu, mamake baba, alikuwa kiziwi," Kache akajibu. "Kwetu tumezoea mambo ya kutazama midomo."

Hapo hakusema uongo. Hawe alikuwa kiziwi kweli, na midomo ilitazamwa kweli. Ila aliyeitazama alikuwa hawe. Kache yeye alikuwa na masikio yake mawili mazima, wala hakupata kuhitaji mdomo wa mtu. Lakini waliuliza, na yeye alikuwa amemtazama yule bwana tangu mwanzo, mabega yake, namna anavyogusa koti lake kabla ya kugonga mlango wake mwenyewe, akaona mtu anayeficha jambo. Akalisema.

Siku hiyohiyo aliletewa kigoda, akakalishwa kando ya televisheni. Chai akapitisha Nyaboke mwenyewe.

Basi kila Jumamosi, saa kumi na moja jioni, Kache akawa ndiye anayesema. Bwana yule mnene akianguka shimoni, Kache alieleza kwamba anatazama juu hata haoni anapokanyaga, kwa mawazo. Akipakwa unga uso mzima, ilikuwa ni kibarua cha kwenye kinu cha unga, cha kwanza baada ya miezi, na amekipoteza siku hiyohiyo. Siku baba mkwe alipokuja kutembea, yule bwana akaruka akajificha ndani ya pipa la maji, kitambi kikamzuia kuzama. Kache akasema kwa sauti ya chini, "'Mkwe, mimi sikukimbii wewe. Sina uso wa kukutazama nao.'"

Nduku alilia, akapenga kamasi kwenye kipande cha kitambaa cha mteja.

Mchezo ukiisha, ndipo baraza la wajuzi lilipoanza. Nyaboke hakumpenda yule mke. "Baba amefika, hajakaribishwa, hajapewa maji. Amelelewa wapi?" Nduku alikuwa na neno na sufuria. "Hiyo sufuria haina masizi hata kidogo. Hiyo jiko ni ya uongo, naambia nyinyi." Na wa mwisho kusimama ni Mwalimu Baya, mwalimu wa ngumbaro, anayewafundisha watu wazima kusoma chini ya makuti nyuma ya kanisa. Alisimama mkono mmoja mfukoni, kama siku ya mkaguzi.

"Wiki ile nilisema hauna kichwa wala miguu," alisema. "Mtunzi amenisikia. Amerekebisha. Huu sasa ni msiba uliopikwa ukaiva, na Kiswahili chake ni cha mtu wa pwani, hilo halina ubishi."

Kache alikusanya vikombe, macho chini.

Mwalimu hakuishia hapo. Alipeleka barua gazetini, ikachapishwa katika ukurasa wa wasomaji na jina lake chini yake. Aliikata akaiweka mfuko wa shati, na mtu hakupita Barani bila kuonyeshwa. Iliandikwa kwamba wakati michezo mingine mipya ni ya kuchekesha wasiojua kucheka, huu wa Jumamosi umewatoa machozi watu wazima, na kwamba maneno "sina uso wa kukutazama nao" yanafaa kufundishwa shuleni.

Ni katika siku hizo za furaha ndipo alipomwambia Kache jambo. Darasa la ngumbaro linatakiwa kupata msaidizi. Si lazima awe amesoma sana. Aandike maombi, na kwenye maombi iambatane barua ya mwalimu anayemfahamu, ithibitishe mambo mawili: kwamba Kiswahili chake ni fasaha, na kwamba yeye ni mkweli. Siku ya mwisho ni Jumatano ya kufunga mwezi.

"Mkono huu ulioandika gazetini ndio utakaokuandikia," Mwalimu alisema. "Mtu anayeweza kuyachukua maneno midomoni mwa watu asiongeze wala asipunguze, huyo ni mwalimu tayari."

Kache aliandika maombi usiku uleule kwa herufi zake za kulala kidogo, akayalaza chini ya godoro. Kila alipomkumbusha Mwalimu ile barua, aliambiwa, "Tulia, mwanangu, barua nzuri haiandikwi mbiombio." Akatulia. Kutulia alikujua. Lakini kila akipita kando ya ile televisheni na kitambaa cha vumbi, alikuwa akiomba kidude cha Mombasa kipotelee njiani.

Hakikupotea. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi alasiri, Fundi Kambi alibisha hodi, mfuko wa vyuma begani.

"Mzee amelala," Kache akamwambia mlangoni.

"Nani huyo?" Mzee Gerishom akauliza kutoka sebuleni, kwa sauti ya kuita ng'ombe.

Kache alimpa fundi chai. Alipoimaliza akampa nyingine. Akamwuliza habari za mke, za watoto, za mbuzi. Fundi alijibu zote huku akifungua misumari ya skrubu, na watu walipoanza kuingia na kutandika mikeka, yeye alikuwa anafunga msumari wa mwisho.

"Haya," akasema, akazungusha kitufe.

Sauti ikatoka. Watu wakapiga makofi. Muziki ukapita, mchezo ukaanza. Yule bwana mnene alikuwa akiingia nyumbani kwa wakwe kupitia dirishani, akakwama, nusu ndani nusu nje, miguu hewani. Akafungua mdomo. Sauti ikawa nyembamba, ya kukwaruza, kama ya kuku anayetaka kutaga.

"Shemeji! Niletee mafuta ya kupikia, au niletee msumeno!"

Na hapo, kutoka ndani ya televisheni, ukapasuka umati wa watu wasioonekana, wanacheka mpaka wanakohoa.

Sebuleni kwa Mzee Gerishom hakutikisika mtu.

"Nani hao wanaocheka?" Nyaboke akauliza.

"Hawana haya!" Nduku akasimama kabisa. "Mtu amekwama kwa watu, hana kazi, hana uso, wao wanacheka! Hao ni watu wa wapi?"

Yule bwana akapiga mateke, kiatu kikaruka, kikatua ndani ya chungu cha mchuzi. Umati ukacheka tena. Na safari hii kuna mmoja aliyecheka sebuleni, akijishika mbavu. Fundi Kambi.

"Wewe nawe!" Nyaboke akamkemea. "Unacheka nini nyumbani mwangu?"

"Lakini mama, hiki ni kichekesho," fundi akajitetea, anafuta macho. "Mbona ni kichekesho tangu mwanzo? Mimi nakitazama kwa shemeji yangu kila wiki."

Mzee Gerishom peke yake aliendelea kutazama kwa utulivu, hana alilolisikia, akasema, "Maskini, huyu bwana anateseka."

Kisha macho ya watu yakaondoka kwa fundi, yakaenda kwa Mwalimu Baya, maana yeye ndiye mjuzi. Mkono wa Mwalimu ulikuwa umeshaufikia mfuko wa shati, umelifunika lile gazeti kama mtu anayeumwa na moyo. Kache alikuwa juu ya kigoda chake, kando ya ile sauti. Alimwona Mwalimu akihesabu mambo kichwani. Alimwona akifika mwisho wa hesabu. Kisha Mwalimu akamtazama yeye, Kache, kitambo kirefu, na hakuna kilichobaki cha kufichana.

"Wameubadilisha," Mwalimu Baya akasema.

"Enhe!" Nduku akaitika.

"Mchezo ulikuwa mzuri. Wamemwondoa mtunzi wa kwanza, wameleta mwingine asiyejua kitu, na wakatia vicheko kufunika udhaifu wake. Nitaandika tena gazetini."

"Si nilisema?" Nduku akageukia wengine. "Hata sauti yake wamebadilisha. Yule wetu hakuwa na sauti ya kuku."

"Fundi," Nyaboke akasema, "iondoe hiyo sauti."

"Mama, hiki kidude kimekuja kutoka Mombasa!"

"Kirudi Mombasa. Iondoe."

Fundi Kambi alizungusha kitufe kwa uchungu. Vicheko vikafifia, vikafa. Mikeka ikalegea, watu wakapumua, wakajisogeza mbele kama zamani.

"Haya, Kache mwanangu," Mwalimu akasema. Sauti yake ilikuwa laini kuliko kawaida. "Hebu tuendelee. Anasema nini?"

Kache hakuangalia kioo. Alikunja mikono juu ya magoti.

"Mwalimu," akasema kwa adabu, lakini kila mtu alisikia, hata waliokaa mlangoni. "Mwezi unafungwa Jumatano. Naomba ile barua yangu. Naomba uiandike leo, hapahapa, kabla sijasema. Na lile neno la pili, la ukweli, lisikose."

Nyaboke akamtazama Mwalimu. Nduku akamtazama Mwalimu. Mwalimu Baya alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena. Kwenye kioo yule bwana mnene alikuwa bado amekwama dirishani, anafungua mdomo na kuufunga, anafungua na kuufunga.