Mgawanyo wa Jumamosi

"Mem, hii x kila siku inapotea, kila siku tunaitafuta. Labda haitaki kupatikana," Otieno alisema.

"Labda haina makaratasi," Shekinah akadakia kutoka dirishani.

Darasa zima la kumi na moja B likaangua kicheko. Waliocheka zaidi ni wale ambao wazazi wao hulala kwenye foleni ya ofisi ya wakimbizi. Hélène, mwalimu wao, naye alicheka kidogo, kisha akageukia ubao. Sauti yake ilikuwa ndogo, na akiipandisha ilikuwa inakatika, kwa hiyo alizoea kuandika tu na kusubiri watulie.

Alikuwa hajamaliza mstari wa pili aliposikia dawati la mbele likigongwa mara mbili. Benita alikuwa ameshapata jibu. Hakuwa mtu wa kunyoosha mkono. Aligonga kwa kifundo cha kidole, ko ko, kisha akatulia kama aliyebisha hodi.

"Eish, huyu dada anatuharibia starehe," Otieno alilalamika.

Upande wa pili wa ukuta mtu alipiga kofi kwenye mbao kuwanyamazisha. Jengo lilikuwa la ofisi zamani, na vyumba viligawanywa kwa mbao nyembamba. Jirani zao walisoma hisabati ya matumizi, ambayo kila mtu aliiita lit: kusoma ratiba ya basi, kupima chumba cha kupaka rangi. Aliyesoma lit hakupokelewa chuo kikuu kusomea uhandisi, na Benita alikuwa hasemi jambo jingine ila kujenga madaraja.

Katibu alichungulia mlangoni. Mkuu wa shule alimtaka Hélène, pamoja na Benita.

Ofisini, mkaguzi kutoka wilayani alikuwa ameweka hita katikati ya miguu yake. Juu ya meza kulikuwa na mtihani wa Benita.

"Swali la nne," mkaguzi alisema. "Hii ni nini?"

Hélène aliinama kutazama, akaitambua njia yake mwenyewe.

Darasani, kwa Kiingereza, aligawanya kama kitabu cha hapa kinavyotaka: namba inayogawanya kushoto, jibu juu. Lakini Benita alikosa masomo wiki mbili mama yake, Célestine, alipougua, akawa anashinda saluni ya mama kusuka wateja. Jumamosi moja Hélène alishuka mtaa wa Yeoville, ilipo saluni, akaketi naye kati ya vichwa viwili vilivyosukwa nusu, akamfundisha kwa Kiswahili. Na kwa Kiswahili mkono wake ulikwenda wenyewe hadi Bukavu, alikosomea. Alichora mstari wa kusimama, akaweka namba inayogawanya upande wa kulia, jibu chini yake. Hakugundua mpaka alipomaliza. Benita alikuwa ameshaelewa, na Hélène akaona ni dhambi kumvuruga.

"Jibu ni sahihi," Hélène alisema polepole.

"Mwongozo wa kusahihisha unatoa alama kwa njia. Njia hii haimo, na wenzake wote hawana. Maana yake kuna mtu wa nje." Mkaguzi alimgeukia msichana. "Nani alikufundisha hivi?"

Mwalimu wa shule ile hakuruhusiwa kumfundisha mwanafunzi wake nje, hata bure. Mkataba wa Hélène ulikuwa unafika mwisho Desemba, na kibali chake cha kuishi nchini kilitegemea mkataba huo. Alifungua mdomo.

"Baba yangu," Benita alisema.

Mkuu wa shule alishusha pumzi. Hélène alitazama waya mwekundu wa hita. Baba yake Benita alibaki kwao Uvira kabla mtoto hajajua kuhesabu vidole. Alichotakiwa Hélène kusema kilikuwa kifupi. Ni mimi. Aliyaona maneno hayo kabisa, kama yameandikwa, na hayakutoka.

"Basi haikufundishwa shuleni; alama za swali hilo zinafutwa," mkaguzi alisema. "Bila hizo ameanguka."

"Wanaoanguka tunawapeleka lit kabla ya mwaka wa mwisho," mkuu alimwambia Hélène kwa upole, kama anayeomba radhi. "Unajua matokeo ya mwaka jana yalivyotuaibisha. Wilaya inatazama asilimia tu. Ahamie leo."

Kwenye korido Hélène alimshika msichana bega.

"Kwa nini ulisema baba?"

"Wangekufukuza, tantine." Neno hilo la shangazi alikuwa halitumii shuleni. "Mama alisema, usimletee tantine matatizo."

"Benita, nisikilize..."

"Iko sawa. Lit ni rahisi."

Viti havikutosha katika shule ile, kwa hiyo aliyehama darasa alihama na kiti chake. Benita aliingia, akakiinua kichwani na kutoka. Safari hii Otieno alisogeza dawati kumpisha. Shekinah alimshikia mlango.

"Anaenda wapi, Mem?" mtu aliuliza.

Hélène aligeukia ubao. Alichukua chaki, akaandika swali la nne ubaoni, akachora mstari wa kusimama na kuweka namba inayogawanya upande wa kulia.

"Mem, hiyo imekaa vibaya," Otieno alisema, bila utani.

"Andikeni. Mtajua zote mbili."

Akaanza kusoma hatua, kwa sauti ambayo darasa lile halijawahi kuisikia kwake. Ilikatika mara mbili, na hakuishusha. X kipeo cha tatu, gawanya kwa x toa moja. Tunaanzaje? Tunapata nini? Kinabaki nini?

Wote walikuwa bado wameinama wanaandika wakati ukuta wa mbao ulipogongwa kutoka upande wa pili. Ko ko.

Hélène alisimama na chaki mkononi.

Kisha ikasikika sauti ya mwalimu wa huko, imechoka tu, haina hasira. "Wewe mgeni, acha kugonga. Fungua ratiba ya basi."

Hélène alisubiri. Darasa zima lilisubiri naye. Ukuta haukugongwa tena.